Kilinge cha Kuta Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimecheka leo mpaka nimeegemea ukuta.

Asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, alikuja dada mmoja kumtafuta Mama. Kapendeza, mkoba begani, macho hayatulii. Nikampeleka chumba cha uani, kilinge cha Mama anamogangia watu. Mama yupo kwenye kigoda chake kama siku zote, miwani puani, anashona kifungo cha sweta. Yule dada akachungulia. Akaona kalenda. Akaona saa ya ukutani. Akaona rafu ya chupa za jamu zilizojaa majani na mizizi, kila moja imebandikwa karatasi ya jina. Akauliza mganga yuko wapi. Mama akasema ndiye mimi, karibu mwanangu. Loo! Dada wa watu akaomba radhi, eti kakosea nyumba, akatoka mbio kama aliyeacha maziwa motoni.

Tulicheka wote wawili. Kisha Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasema huyo si wa kwanza. Siku hizi wanakuja, wanachungulia, wanaondoka. Wanaangalia tivii, basi wanajua mganga anatakiwa awe vipi: fuvu, moshi, kitambaa chekundu, sauti ya kutisha. Wakikuta bibi na kalenda wanaona wameibiwa kabla hata hawajaibiwa. Wanakwenda zao kwa Dokta Kimbunga, pale kona, mwenye bango kubwa na taa za rangi.

Na nani anawafundisha mambo hayo kwenye tivii? Mimi! Binti yake wa kumzaa! Mpambaji wa seti za tamthilia. Juzi nimeshinda kutwa nikipaka fuvu la plasta rangi ya chai ili lionekane la kale.

Sikumwambia hilo. Nilimaliza kikombe nikaenda zangu.

Jumatano, 6 Agosti

Kaka amekuja. Safari ya nusu siku kutoka kwake na viatu bado vinang'aa—sijui anafanyaje. Kapandishwa cheo, sasa ni meneja mkuu. Katuletea matunda, kapu zima, halafu yeye mwenyewe hakugusa hata chungwa.

Alichosema kwa kifupi: Mama kazeeka, watu hawaji tena, anashinda kwenye kile kichumba anaongea na chupa. Kwake kuna chumba cha chini, hakuna ngazi, kuna wajukuu. Halafu akanigeukia. Eti mdogo wangu, wewe unashinda kazini, Mama akianguka nani atajua? Nikainuka nikaanza kuosha matunda yake. 

Nikamtazama Mama, nikijua atamtimua. Hakumtimua! Akasema taratibu kwamba kilinge kisichoingia mtu ni stoo tu. Tungoje mwisho wa mwezi. Kikiwa kitupu, anafunga virago. Kikiwa na mtu, anabaki. Kaka akasema sawa. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara!

Sitaki Mama aondoke. Naandika hapa maana kwa mdomo nimeshindwa. Asubuhi nitagombana na nani kuhusu sukari? Nani ataniambia kwamba nywele hizi hazijanikaa?

Jumamosi, 9 Agosti

Mama kaja kwenye seti! Mwenyewe kaomba. Gauni la kutokea, viatu vya kutokea, mkoba wa kwapani. Nikasema leo nitaumbuka mbele ya watu.

Kilinge chetu tumekijenga ndani ya ghala lililokuwa la magodoro. Kuta tatu za mbao, tumezipaka udongo na masizi. Upande wa nne uko wazi, ndipo inapokaa kamera. Kuna fuvu, vibuyu, manyoya, mishumaa, vitambaa vyekundu vinaning'inia kila mahali, na mashine ya moshi nyuma ya pazia. Kila kitu nimekiweka kwa mkono wangu. Nakipenda, nisidanganye.

Mama akazunguka polepole. Akagonga ukuta, akasikia ni mbao, akacheka. Akalishika fuvu, akaligeuza, akalikagua chini kama mtu anayenunua sufuria. Nikasubiri aseme haya yote ni upuuzi. Akaninong'oneza: "Mwanangu, mbona pazuri hivi! Kwa nini mimi sina?"

Nusura nikae chini.

Mzee Radi ndiye anayeigiza mganga. Kifua kipana, sauti ya kutikisa mabati, na mwoga kuliko kuku. Alipoambiwa Mama ni mganga wa kweli alishuka kwenye kiti chake cha enzi, shikamoo ikamtoka mara mbili. Akamvuta pembeni, akamuuliza kama kuigiza uganga kunaweza kumletea balaa. Mama akamwambia cheza tu baba, hata mimi kuna siku nacheza.

Dairekta aliposikia hilo alipaliwa na kahawa. Huyu bwana simsemi vibaya, kazi anaijua. Ila tukio lake kubwa limemgomea. Mwanamke anakuja kwa mganga kwa sababu mumewe kaondoka bila kuaga. Mzee Radi anaunguruma, mwanamke analia kwa sauti, moshi unajaa, na sisi tunaotazama hatusikii chochote moyoni. Wamelirudia wiki nzima. Mzee Radi sasa anakunywa maji ya tangawizi kwa ajili ya koo.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kaniomba nimpambie kilinge chake. Cha kweli! Kiwe kama kile cha kwenye seti.

Nikamchokoza: si wewe husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza? Akajibu ndiyo, lakini siku hizi hata kizuri kinaweka bango.

Niliruka hapa jikoni mpaka vyombo vikalia. Tutamwonyesha Kaka! Tutamwonyesha na Dokta Kimbunga!

Jumanne, 12 Agosti

Kazi imeisha. Dairekta kanipa masalia yote: fuvu la akiba, vitambaa, taa nyekundu mbili. Hata kile kibao cha KIMYA kinachowekwa mlangoni tukirekodi.

Kalenda nimeitoa. Saa nimeitoa. Chupa za jamu nimezifunika. Lile pazia zito la mlangoni nimeling'oa, maana lilikuwa linaziba kila kitu. Sasa ukikaa kwenye benchi la ukumbini unaona kilinge chote, kuanzia fuvu mpaka moshi wa ubani, kama uko mbele ya kamera. Vile vigoda viwili vilikuwa vimekaa ubavu kwa ubavu vinatazama ukuta mtupu. Mpangilio gani huo? Nimevigeuza vitazamane, taa katikati.

Na redio! Mama ana redio kwenye ujia, nje tu ya mlango, inapayuka kutwa mahubiri, mipira, matangazo ya sabuni. Nimeihamishia jikoni. Kwenye seti kelele ni dhambi. Mama akauliza redio yangu wapi, nikamwambia Mama niachie, hapa fundi ni mimi. Akaenda kuchemsha chai.

Mwisho nikatundika KIMYA ukutani. Nikarudi nyuma, nikatazama, nikajipigia makofi.

Ijumaa, 15 Agosti

Benchi limejaa! Limejaa jamani! Wengine wamesimama!

Yule dada wa mkoba karudi. Hakumtambua hata Mama, maana Mama kajifunga kitambaa chekundu kichwani, kapaka wanja, kakaa nyuma ya mishumaa anatikisa kibuyu ambacho ndani mna kokoto nilizookota ghalani. Akikohoa, watu wanashtuka. Akipiga chafya, watu wanaitikia!

Nimeomba ruhusa kazini ili nipange foleni. Mama mmoja kanivuta mkono, kaniambia hapa ndipo penyewe, pana nguvu, anaisikia kwenye magoti. Magoti hayo Mama alimwambia ayapeleke hospitali. Hilo halijabadilika, fuvu au bila fuvu: la daktari humpelekea daktari.

Dokta Kimbunga naye kamtuma mtu aje kuchungulia. Nimemkaribisha kwa heshima zote, nikamwonyesha benchi.

Nimempigia Kaka simu. Nimemwambia asijisumbue kukisafisha hicho chumba cha chini. Akasema tu, haya. Hata hakubisha! Raha imenijaa mpaka sijui niiweke wapi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuja. Mtu mzima, mpole, anayeshonea nusu ya mtaa. Akaingia, akakaa mbele ya Mama, uso kwa uso, taa nyekundu inammulika. Ukumbini watu wamejaa na wote wametulia tuli, kwa sababu ya kibao changu. Fundi akaanza kunong'ona. Na hakuna pazia. Na hakuna redio. Tulisikia kila neno kama tuko naye kigodani!

Kwa ufupi, mama mkwe wake, marehemu, humjia ndotoni kila alfajiri, utepe wa kupimia shingoni. Anakagua kola zote alizoshona fundi. Anasema hii imepinda. Hii nayo imepinda. Sasa mikono inamtetemeka, kola hawezi tena, na kwa siri anazipeleka kwa fundi mwingine amshonee.

Mtu mmoja kwenye benchi kicheko kikamponyoka. Wa pili akadaka. Mara benchi zima! Na mimi pia, Mungu anisamehe, nilicheka.

Fundi akasimama. Hakumtazama mtu. Akatoka, kofia kaiacha kigodani.

Baada ya hapo kila mtu alianza kujiwazia lake. Ulikuwa unaliona hilo machoni pao. Mmoja akakumbuka ana mgeni. Mwingine kaacha nguo kambani. Hata saa sita haijafika, benchi lilikuwa limebaki mbao tupu.

Jumanne, 19 Agosti

Hakuna mtu. Jana hakuna mtu. Mtaani wanasema kilinge cha Mama kinavuja.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Kaniambia tu, huku anamenya vitunguu. Mtu mwenye aibu humtazami usoni. Unakaa naye ubavuni, mnatazama ukuta nyote wawili, kama watu wanaosubiri basi. Baada ya muda anaanza kusema mwenyewe. Na redio ni kwa ajili ya wale wa benchi, wawe na kitu cha kusikiliza. Aliyeko ndani akiisikia inapayuka nje, anajua lake halitoki.

Nikamuuliza kwa nini hakunizuia. Akasema alipenda kuniona nimefurahi vile. Na fuvu pia alilipenda, hawezi kukataa.

Nililia kidogo. Nikasingizia vitunguu.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo wameurudia ule mchezo wa mwanamke aliyeachwa. Mara ya ngapi hii, hata sijui. Mzee Radi sauti imekauka, anaunguruma kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Dairekta kakaa juu ya kreti, kashika kichwa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia awakalishe ubavu kwa ubavu. Akauliza watatazama nini? Nikasema ukuta. Akasema ukuta upi, huku si kuko wazi, huku ndiko iliko kamera! Wakacheka. Ndipo yule mpiga picha, ambaye hatusikii sauti yake mwezi mzima, akainua kichwa: "Si wanitazame mimi? Ukuta ni mimi."

Dairekta akasimama.

Tukazima moshi. Tukapunguza mishumaa. Vigoda viwili, wanatazama mbele. Mzee Radi hana wa kumtolea macho, basi sauti ikamshuka yenyewe. Akamuuliza tu mwanamke, umekula? Hilo halipo kwenye maandishi! Mwanamke akaacha kulia. Akatazama mbele. Akaanza kueleza vile mumewe alivyokuwa akikunja mashati yake vizuri siku ile ya mwisho, na yeye akadhani ni mapenzi. Ghala zima lilisimama. Fundi wa taa alikuwa anafuta machozi kwa glavu. Dairekta alisahau kusema tukate!

Baadaye kanikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Nikamwomba na redio iwe inasikika nje ya mlango. Mtu wa sauti alinitazama kama nimemtukania mama yake, lakini wamekubali wataiongeza baadaye.

Nilirudi nyumbani naimba. Kufika kona, wimbo ukakatika. Kilinge cha uongo nimekiponya, cha kweli nimekiua. Mganga hajigangi, wanasema. Kumbe hata binti yake hamgangi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimerudisha kila kitu. Pazia, kalenda, saa, redio. Vigoda ubavu kwa ubavu. Mama kagoma kulitoa fuvu moja. Analitundikia miwani yake, na kweli linafaa sana kwa kazi hiyo.

Kisha nikachukua ile kofia, nikaenda kwa fundi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi mbele ya cherehani yake, kwa kinywa kipana, ili aliyetaka kusikia asikie. Akaendelea kukanyaga cherehani. Halafu midomo ikaanza kumcheza. Kasema mkewe alipoipata habari alicheka mpaka akakaa sakafuni, akamwambia mama hata alipokuwa hai kola hazikumridhisha, kwa nini azikubali sasa? Tangu hapo ndoto haijarudi. Leo kashona kola yake mwenyewe. Akanionyesha. Imepinda kidogo. Sikusema.

Nikamuuliza kama atakuja tena kwa Mama. Akasema mambo yakipoa. Yatapoa lini? Mwezi unaisha!

Jumanne, 26 Agosti

Kaka kapiga simu. Kafoka! Pikapu imepatikana, atakuja Jumapili, tusimcheleweshe, Jumatatu ana kikao, kila mtu anamtaka yeye, kila kitu yeye. Nikamfokea na mimi. Tukafokeana kama watoto wanaogombea kigoda.

Mama akaninyang'anya simu, akasikiliza, akasema haya baba, haya, haya. Alipokata akanirudishia simu mkononi. Halafu akasema huyo hana hasira. Huyo hapati usingizi.

Nilisema hata mimi sipati, na hakuna anayenihurumia. Akanipiga kofi la mgongo, tukacheka.

Ijumaa, 29 Agosti

Bado hakuna mtu. Mama anafunga chupa zake kwenye magazeti, moja moja. Anaimba. Nimemwambia avunje ahadi, dunia nzima inavunja ahadi! Kasema mwanamke mzima akishapeana mkono kapeana.

Nikataka kumlipa Mzee Radi aje ajifanye mgonjwa. Mama kabashiri hata kabla sijafungua mdomo. Kasema huyo akija ataniuliza tena kuhusu balaa.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika haya jikoni. Sijui yataishaje, lakini nisipoandika nitapasuka.

Kaka kafika mchana. Pikapu nje, dereva wake kwenye usukani, injini inanguruma. Hakukaa. Hakutaka chai. Katazama masanduku, kauliza ni haya tu? Shati lake linamwelea mwilini. Wiki hizi tatu tangu nilipomwona mara ya mwisho zimemla nyama.

Mama akamwambia vimebaki vigoda tu, njoo unisaidie baba, mimi mgongo hauinami. Wakaingia kilingeni. Nikamfuata na kamba ya kufungia.

Mama kakaa kwenye kimoja. Kasema ngoja nipumue. Kaka kasimama katikati ya chumba, hana pa kuweka mikono, anatazama rafu tupu. Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama ukuta. Akapapasa kigoda cha pili, taratibu, kama unavyompapasia mtoto mahali pa kulala.

Kaka kaangalia saa yake. Kasema Mama, muda.

Kisha akakaa.

Mimi mlangoni na kamba yangu! Nimemwona mgongo tu. Ule mgongo mpana wa meneja mkuu ukashuka, ukashuka, mpaka ukawa wa yule kaka aliyekuwa akinibeba kwenda shule. Mama, bila kugeuka, kaniashiria kwa vidole: pazia. Nikaliteremsha. Nikawasha redio, nikaipandisha mpaka mwisho, mpira, sijui hata nani anacheza na nani. Nikakimbilia huku.

Sijasikia neno. Sitaki kusikia. Muda mrefu umepita, chai imepoa, nimepasha, imepoa tena. Nimechungulia mara moja tu: pazia halijatikisika, na chini ya pazia vimesukumwa nje viatu, vinang'aa, kavivua mwenyewe.

Leo bado ni mwezi wa nane! Bado ni leo! Mkono walipeana, na mtu yumo ndani!

Ngoja—injini imezimwa. Kuna mtu kaingia ukumbini.

Ni dereva. Nilidhani kaja kulalamika kwamba anacheleweshwa. Kavua kofia, katazama pazia, katazama benchi, kakaa mwishoni kabisa akiwa amebana magoti. Kaniuliza kwa sauti ya chini, baada ya bosi anaingia nani?